Bei ya Chura Mwenye Watoto

Nilianza biashara na mama mmoja aliyewaita vyura kando ya mto San Juan, nikimlipa kwa chumvi: kilo moja, chura mmoja mwekundu. Hakuwa msemaji. Alitembea ameinama, akijigonga shavu kwa vidole viwili huku akipiga mluzi, na msitu ukamjibu. Chura alimfunika kwa jani, kamwe si kwa kiganja, maana ngozi yake ina sumu. Siku moja nilimtaka jike aliyekuwa akipanda mti.

"Huyo ananyonyesha," alisema.

"Chura ananyonyesha wapi, mama? Usinipandishie bei."

"Bei ni ileile. Ila kwanza waage wanawe. Wanakula mayai yake tu, hawana chakula kingine."

Akanishika mkono, akakitumbukiza kidole changu kwenye maji yaliyotuama katikati ya majani ya mmea ulioota juu ya mti ule. Viluwiluwi wawili wakakisogelea, wakakigusa, wakaanza kutetemeka.

"Wanaomba kula," alisema taratibu. "Wamekudhania mama yao."

Chura nilimchukua, nikamuuza kwa mfuga vyura wa mjini kwa faida nzuri. Mama alipata chumvi yake. Mimi, mpaka leo, nikitia kidole kwenye maji yoyote, hata ya kunawa, kuna kitu kinakigusa na kutetemeka.