Farasi Yuko Majini

Fortunata, mama Lucky, aliuza masufuria kwa jumla Mtaa wa Kongo tangu enzi za ruksa, biashara huria ilipoanza, na miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kuikubali bei yake ya kwanza. Wala yeye hakutarajia. Akitaka elfu kumi anataja kumi na tano, mteja anaguna, anajifanya anaondoka, anaitwa, wanacheka, wanakutana katikati. Ndiyo Kariakoo hiyo. Anayelipa bila kubisha huonwa mgonjwa.

Ugonjwa wake yeye ulikuwa riwaya. Vibanda vya video vilipofunguliwa zamani zile, binti huyu wa Kilimanjaro alilewa filamu za kauboi, akaanza kuandika za kwake kwa Kiswahili, zenye vumbi, bastola na wanaume wasiosema sana. Farasi mwenyewe hajamgusa maishani. Kaka yake Theophil, mshirika wake dukani, alimcheka hadi akamtia uchungu, naye akatamka kwa hasira kwamba asipopata mnunuzi hata mmoja asiye ndugu wala jirani kabla ya Pasaka, kalamu anaitupa. Alimaanisha, maskini.

Vivek, kijana mwenye duka la kompyuta Kisutu, ndiye aliyemwekea riwaya mtandaoni. Sura ya kwanza ni bure; ukiipenda unalipa kwa simu, kitabu kizima kinakufungukia popote ulipo. Na akishauza kimoja, kimebaki vilevile, hakijapungua. Hilo lilimduwaza mama Lucky, aliyezoea kuona katoni zikiisha. Vivek alimshauri aweke elfu mbili. Akaweka nne. Vivek akamweleza kwa upole kwamba huko watu hawapatani bei. Akaitikia, lakini mazoea ya Kariakoo hayamtoki mtu upesi: akaandika namba yake chini ya bei, akakaa na simu mapajani akisubiri wa kumwambia, punguza mama.

Hakupiga mtu. Juma Kuu likaingia, na Theophil akawa anamwulizia kauboi wake kwa sauti ya msibani.

Alhamisi Kuu ukaingia ujumbe wa pesa. Elfu nne kamili, kutoka kwa Sadalla fulani. Mama Lucky aliusoma tena na tena. Kisha akashikwa na hofu kwamba huyu amekosea namba, au hajui kununua, na yeye amemwibia. Akampigia.

Sadalla alikuwa dereva wa lori, yuko kwenye foleni nje ya geti la bandari. Hakuwa amekosea. Mama Lucky akamwuliza mbona hakuomba apunguziwe.

"Nilitaka kupiga, mama," Sadalla akasema. "Lakini sura ya kwanza inaishia farasi anazama mtoni, jamaa kang'ang'ania hatamu. Sasa nianze kubishana bei, farasi yuko majini?"

Akaomba radhi, akakata simu ili aendelee kusoma.

Mama Lucky akaiweka simu chini. Mto ule aliutunga pale pale dukani, akiandikia juu ya katoni, huku wapagazi wakipiga kelele mlangoni, na sasa mtu mzima asiyemjua alikuwa ameuogopa. Theophil akauliza kulikoni, nani huyo.

"Mtu," akasema, machozi yakimtiririka. "Anamhofia farasi wangu asizame."