Mke wa Kubuni na Watoto Wake Watatu

Haya, chekeni sasa hivi mmalize, maana hata mimi siku hizi nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ya Garissa ipasuke inimeze na kanzu yangu mpya.

Ilikuwa miaka ya tisini, nasoma sheria Nairobi, mwaka wa tatu, na somo lenyewe lilikuwa sheria ya wakimbizi na uhamiaji, somo ambalo nyumbani kila mtu alidhani nimezaliwa nalijua (si wakimbizi wako pale pale, ukitoka nje unawaona?). Sasa mhadhiri wetu alikuwa na mtindo wake: kila mmoja angesimama mbele ya darasa ajifanye mkimbizi anayeomba hifadhi, wenzake wamhoji kama maofisa, na maelezo yake yakigongana mahali popote, amefeli. Nikarudi likizo na hadithi yangu kichwani, na likizo hiyo hiyo ndiyo wazee wetu walikuwa wapeleke posa kwa jirani yetu, Adeer Gedi (adeer ni baba mdogo, lakini kwetu kila mzee unayemheshimu unamwita hivyo), ili nimwoe binti yake Fardosa. Mimi na Fardosa tulikuwa tumeshaelewana zamani, msiniulize vipi, na nilimtaka mpaka nikawa simalizi hata kikombe cha chai.

Kilichoniponza ni joto. Alasiri ile nyumba yetu ya mabati ilikuwa haikaliki, nikasema wacha nifanye mazoezi uani, nikaenda kujibanza kwenye kivuli kando ya ua wa miti uliotutenga na kina Gedi, nikaanza, tena kwa Kisomali na kwa sauti, kwa sababu nilijiambia mkimbizi wa kweli halii kwa Kiingereza.

Nikawa ofisa, nikakaza sauti: "Umeoa?"

Nikawa mkimbizi, nikailegeza: "Nimeoa, bwana. Mke wangu na watoto wangu watatu niliwaacha Kismayu. Nikatoroka jela, nikavuka mpaka wa Somalia pale Liboi."

"Uliwaachaje watoto wako?"

"Niliogopa, bwana." Hapo nikalia kidogo, na nilijiona hodari kweli kweli, nikarudia yote tangu mwanzo ili yasigongane, na kila nikirudia nalia vizuri zaidi. Upande wa pili wa ua, kumbe, mama yake Fardosa alikuwa anakamua mbuzi.

Jioni jirani mwingine akamletea Hooyo, mama yangu, maziwa ya ngamia, akamshika mkono akamwambia, "Wajukuu ni wajukuu tu, popote walipo." Hooyo akajibu amina kwa furaha, akidhani anaombewa mema ya ndoa. Maziwa nikanywa mimi.

Kesho yake tukaenda na posa, baba yangu mbele, wazee nyuma yake, mimi mwisho nanukia manukato. Tukaketi kwenye mikeka. Chai haikuja. Nyuma ya pazia nilisikia wanawake wamejaa, na si kawaida wanawake wengi hivyo kukaa kimya.

"Waryaa Yusuf," Adeer Gedi akaanza (waryaa ni kama kusema "wewe kijana"; yote alisema kwa Kisomali, nawatafsiria), "wake wanne Mungu ametuhalalishia. Kwa mke sikasiriki. Nauliza tu, wale watoto wanakula nini?"

"Watoto gani, adeer?"

"Wa Kismayu."

Nikaeleza kwamba yalikuwa masomo, nilikuwa najifanya tu.

"Na yule bwana aliyekuwa anakuuliza?"

"Ni mimi, adeer."

"Na aliyekuwa analia?"

"Pia ni mimi."

Akawageukia wazee. "Binti yangu nimpe mtu aliyetupa familia, au mtu anayejihoji mwenyewe mpaka analia? Nichagulieni."

Nyuma ya pazia wakaangua kicheko wote, isipokuwa mmoja, na kicheko cha Fardosa nakijua, hakikuwemo. Hapo nikaogopa kweli. Nikaapa sijawahi kukanyaga Kismayu, walahi, na mzee mmoja wa upande wetu (wetu, jamani!) akakumbuka kwamba utotoni niliwahi kwenda huko na lori la mjomba wangu. "Kumbe unapajua," akasema Gedi. Kila nilipofungua mdomo nilizidi kuzama, na maneno yangu yote, ukiondoa safari hiyo niliyoisahau, yalikuwa ya kweli.

"Desemba hukuja nyumbani," akaendelea. "Ulikuwa wapi?"

Baba akanijibia kwa fahari: "Alibaki Nairobi, mhadhiri alimpa kazi."

Huo ndio uongo niliomwambia baba. Nikamtazama, nikalitazama pazia, nikasema, "Aabo, nisamehe. Hakukuwa na kazi. Nilifeli, nikabaki kurudia mtihani, nikafeli tena."

"Somo gani?" akauliza Gedi.

"La wakimbizi."

Baba aligeuza shingo polepole sana. Kisha Adeer Gedi akacheka mpaka akajishika mbavu. "Hili naliamini! Hakuna anayedanganya ili ajiaibishe mbele ya baba yake. Leteni chai." Akaweka sharti moja tu: nifaulu kwanza, ndipo niozwe.

Baba hakunisemesha mpaka siku ya kurudi Nairobi. Siku ya mtihani, mwenzangu aliponiuliza kama nimeoa, niliruka: "Sijaoa! Mungu shahidi!" Darasa zima likacheka, lakini hadithi haikugongana, nikafaulu, nikaoa.

Leo, nikiwa wakili, wakija ofisini kwangu watu wa kambi za wakimbizi na maelezo yao yakaanza kujipinda, huwa siharakishi kusema wanadanganya, nawapa chai kwanza, maana namkumbuka yule kijana mkekani na jinsi ukweli wake ulivyokataa kumsaidia. Na mazoezi ya kusema peke yangu niliacha kabisa, hata kesi kubwa vipi naisoma kimya. Lakini haikunisaidia kitu, kwa sababu mpaka leo nikichelewa kurudi nyumbani, Fardosa hafoki wala haulizi nilikokuwa. Ananifungulia mlango, ananitazama, anasema, "Kismayu hawajambo?"