Baiskeli Isiyo na Chuma cha Juu

Wakati ule nilikuwa na vyuo viwili vya Kurani, kimoja Garsen na kingine Wema, na kisigino kilichokuwa kikiniuma kila asubuhi. Mimi ni mtu wa juu ya mto, upande wa Nanighi, katika watu wanaolima kingoni. Nilisoma Kipini kwa sheikh mmoja, nikaoa Garsen, nikajenga huko na kufungua chuo. Kisha wazee wa Wema walinijia, wakasema watoto wao wanakua bila kusoma na hawaoni mwalimu mwingine wa karibu. Sikuweza kukataa. Basi nikawa mtu wa kutembea. Kiangazi ardhi ilipasuka nyufa zinazomeza mguu, na masika udongo mweusi ulinivua viatu ukabaki navyo. Mara nyingi nilifika Wema nikachechemea hadi kwenye mkeka, na watoto wakawa wanatazama mguu wangu badala ya mbao zao.

Serikali ya Kiingereza ilikuwa bado ngeni Kipini. Siku moja nilipokwenda kumsalimu sheikh wangu nilimwona Mzungu akipita mbele ya forodha, amekaa juu ya magurudumu mawili, moja mbele na moja nyuma. Nilisimama pale mpaka akapotea machoni. Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu.

"Magurudumu mawili tu," akasema, "na haanguki?"

"Hakuanguka."

"Alivaa nini?"

"Suruali."

"Wewe unavaa kanzu. Nani atakayekufulia mafuta ya chuma?"

Lakini alikuwa ameuona mguu wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa akiukanda kwa maji ya moto. Mavuno ya mpunga yalipouzwa alileta fungu lake, akalichanganya na ada nilizopewa na wazazi wa watoto. Aliniambia nisirudi na kitu kitakachonivua nguo mbele za watu.

Nikateremka mto kwa mtumbwi pamoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga kafi na hakupenda kunyamaza. Kipini kulikuwa na Mhindi mwenye duka la nguo, chumvi na mafuta ya taa. Nyuma ya magunia alikuwa na baiskeli. Nilidhani baiskeli ni baiskeli, kama jembe lilivyo jembe. Nilitaka kulipa na kuondoka.

"Wataka ipi, maalim?" akaniuliza mwenye duka.

"Ziko ngapi?"

Akatoa mbili. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, usukani wake umeinama kama pembe za ng'ombe wa Waorma. Mipira yake ilikuwa ya kujazwa upepo. Akaizungusha pedali, kisha akaiachia. Pedali ikasimama, gurudumu likaendelea kuzunguka peke yake.

"Hii ya barabara," akasema kwa fahari. "Mbio sana."

"Kwetu hakuna barabara. Kuna njia."

"Njia pia sawa."

"Na mwiba wa mgunga ukiingia kwenye huo upepo?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. Akaitoa ya pili. Hii ilikuwa nzito, mipira yake imejaa mpira mtupu ndani, na pedali zake hazikusimama hata kidogo. Gurudumu likizunguka, nazo zazunguka.

Dukani palikuwa na mtu wa Lamu aliyekuja kununua pamba za kushonea magodoro. Alisema amekaa Unguja na anazijua baiskeli zote. "Hiyo ya pili ni mbovu," akasema. "Pedali lazima zisimame. Mpanda hupumzika lini?"

"Si mbovu," akasema mwenye duka. "Hiyo ya kwanza ndiyo mpya, watu bado hawajaijua. Hii ya pili ndiyo asili."

"Unguja nilisikia ile inayosimama ndiyo iliyovunjika," akasema tena yule yule mtu wa Lamu, baada ya kufikiri.

Shemeji yangu akauliza ni ipi inayokwenda yenyewe. Mimi nilikuwa nimesoma nahau na sarufi, nilijua kupambanua maneno, lakini pale sikujua hata niulize nini. Kila nilichouliza kilizaa majibu mawili, na yote mawili yalitoka kwa mtu mmoja.

Bei ya ile ya kwanza ilinimaliza hamu. Fedha yetu yote isingefika nusu yake. Ya pili tungeiweza, kwa kubana. Mwenye duka akaniambia niijaribu. Hapo ndipo nilipogundua kile chuma kirefu kilichotoka chini ya usukani kikaenda hadi chini ya kiti. Ili nikae, ilinibidi niurushe mguu juu yake. Kanzu haikukubali. Nikaipandisha hadi magotini, haikutosha. Nikaipandisha zaidi, na wanawake waliokuwa wakichagua leso wakageuza nyuso ukutani. Nikaishusha haraka.

"Vaa kaptura," akasema mwenye duka kwa upole.

"Mimi ni mwalimu wa chuo."

Tulitoka tukaenda kula kwa jamaa mmoja. Shemeji alisema afadhali tununue punda. Nilikaribia kumkubalia, ila punda hawadumu mtoni kwetu, mbung'o huwamaliza. Kesho yake tukarudi dukani bila kujua tunarudia nini.

Mwenye duka alipotuona aliingia stoo, akatoka na ya tatu. Ilikuwa imejaa vumbi na buibui. Mipira yake ilikuwa mizito kama ile ya pili. Lakini kile chuma cha juu hakikuwepo. Kulikuwa na chuma kilichopinda kwenda chini, karibu kugusa pedali, kana kwamba mtu mnene aliikalia. Mnyororo ulifichwa ndani ya sanduku jembamba, na gurudumu la nyuma lilifunikwa kwa nyuzi zilizosukwa kama wavu wa kuvulia.

"Imevunjika ikaungwa," akasema shemeji.

"Haikuvunjika," akasema mwenye duka. "Imekaa tu. Hakuna anayeinunua. Nitakupunguzia."

"Kwa nini hainunuliwi?"

Akainua mabega. Nikaishika, nikaigeuza, nikatafuta mahali ilipoungwa. Sikuona. Nikaugongagonga mkunjo wa kile chuma nione kama umeoza ndani. Haukuoza. Mtu wa Lamu alikuwa ameshaondoka, nami nikasikitika, maana hata uongo wake ungenisaidia kuamua. Nikapitisha mguu pale palipo wazi, nikakaa. Kanzu ilibaki miguuni mahali pake. Kitu kizuri kuliko vile viwili, na bei yake ndogo kuliko ya vile viwili: jambo hili lilinitia shaka kuliko lolote, na kwa shaka hiyo hiyo nikalipa.

Tulipofika Garsen, mke wangu aliizunguka. Akavuta zile nyuzi za gurudumu la nyuma kwa kidole.

"Huu si wavu wa samaki," akasema. "Umewekwa nguo isiingie ndani. Na mnyororo umefichwa usitie mafuta. Aliyeitengeneza hii alimfikiria mtu mwenye nguo ndefu."

"Wazungu wana nguo ndefu?"

"Mapadri wao. Hukuwaona?"

Ikawa ndiyo tafsiri yetu. Tuliamini nimenunua baiskeli ya watu wa dini, na tukaona Kipini wamekosa kuithamini kwa sababu padri hapiti huko mara nyingi. Nilijifunza kuipanda nyuma ya mashamba ya mpunga, mke wangu akishikilia kiti huku akicheka. Nilianguka sana. Kisha siku moja nikageuka kumwambia asiiachie, nikamwona yuko mbali, ameshika kiuno. Tangu hapo nikawa nafika Wema jua halijakuwa kali, na kanzu yangu safi.

Msimu huo Mzungu mmoja alipanda mto na mkewe, wakashuka Garsen kunyoosha miguu. Yule bibi aliniona nikiwasili kutoka Wema. Akapiga makofi, akaja mbio akiwa ameshika sketi yake iliyofika chini, akaanza kuzungumza. Karani wao alitafsiri.

"Bibi anasema baiskeli hii ni ya mwanamke."

Nikaushika usukani kwa nguvu. "Mwanamke gani? Mimi nimeinunua Kipini kwa fedha yangu. Mwenye duka yupo."

Karani akamweleza. Bibi akatikisa kichwa.

"Hasemi umeiiba. Anasema ni ya kike."

"Ya kike vipi? Ni chuma."

"Sijui," akasema karani, na kweli uso wake ulionyesha hajui. "Anasema iko ya kike na iko ya kiume. Ya kiume ina kitu hapa." Akapitisha mkono hewani, pale palipokosekana chuma.

Watoto wa chuo walikuwa wamesimama wote wanasikia. Bibi yule hakuwa na ubaya; alinionyesha mahali pa kutia mafuta, akaniaga kwa furaha. Mimi niliisukuma baiskeli hadi nyumbani, sikuipanda.

Nilikuwa nimewafundisha watoto wale wale kwamba mwanamume hajifananishi na mwanamke katika mavazi. Je, baiskeli ni vazi? Haivaliwi, hukaliwa. Na kiti je, kina jinsi? Mlango je? Katika sarufi ya Kiarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, nasi hutumia mwanga wa vyote viwili. Kila nilipodhani nimefika mwisho wa hoja nilikuta nyingine imekaa inaningoja. Wiki hiyo nilikwenda Wema kwa miguu.

Mke wangu aliukanda mguu wangu. Alipomaliza akauliza, "Ulipokuwa Kipini ulipanda punda wa sheikh wako?"

"Nilipanda."

"Dume au jike?"

Nikafikiri sana. "Sikutazama."

"Basi," akasema, akamwaga maji nje.

Sikutosheka. Nilimpelekea sheikh swali langu kwa mdomo wa shemeji, na shemeji akarudi na jibu kwamba sheikh anauliza baiskeli ni nini. Nikateremka mwenyewe, na baiskeli ndani ya mtumbwi. Sheikh aliitazama, akagusa wavu, akaniuliza kike chake kiko wapi. Nikamwonyesha pale pasipo na kitu. Akainama akapaangalia. Kisha akasema hawezi kutoa hukumu juu ya kitu kisichokuwepo, akaniambia nimpeleke nayo hadi msikitini kwa sababu magoti yake yanauma. Kwenye baiskeli ile hapakuwa na pa kumweka nyuma yangu, basi alikaa kwenye kiti nami nikaisukuma.

Nilipopita dukani mwenye duka alinishika mkono. Alisema watu wa kanzu wamekuwa wakija kuulizia ile ya mwalimu, kadhi mmoja na wafanyabiashara wawili, naye ameagiza Bombay. "Wa huko wameniandikia," akasema, "wanauliza Kipini siku hizi kuna mabibi wangapi wa Kizungu."

"Basi ulijua ni ya kike!"

"Nilijua. Ningekuambia, ungenunua?"

Niliona ndiyo na hapana zote ni za kweli. Nikamuuliza bei ya mafuta ya mnyororo, nikanunua, nikaenda zangu.