Kuku wa Shangazi Chini ya Tenga

Juzi mjukuu wangu alitaka kupakua programu kwenye simu yangu, kwa kiungo alichotumiwa na rafiki yake. Simu ikauliza kama naruhusu. Kidole kikasita, nikamkumbuka kuku mmoja aliyeletwa kijijini kwetu Kwihara, enzi za vijiji vya ujamaa.

Shangazi alikuja na kijogoo chekundu kutoka kijiji cha Puge. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akakifunika kwa tenga nyuma ya jiko, mbali na kuku wetu. Mchana kutwa kililia na kuparura. Sikutulia. Nilitoka, nikarudi, nikanusa moshi na kinyesi, nikimwonea aibu shangazi.

“Bibi, si zawadi ile?”

“Shangazi yako namwamini,” alisema. “Kuku wake bado simjui.”

Nilidhani ni roho mbaya. Jioni tenga lilinyamaza. Kijogoo kilikuwa kimelaza shingo, kinaharisha kijani. Kilikuwa na kideri, ugonjwa unaomaliza mabanda. Wetu walikuwa wanadonoa uani, na shangazi alikuwa ndani anakunywa uji, hajui alichotubebea.

“Lakini kiungo ametuma rafiki yangu,” mjukuu alilalamika.

Nikabonyeza kukataa.

“Rafiki yako namwamini,” nikamwambia.