Nilivyomaliza Maji ya Merikebu

Mimi ni mtu wa Ruiru. Maji niliyoyazoea ni ya mto: ukiyamwaga, mengine yanakuja. Kwa hiyo usinicheke mapema.

Wakati wa Hali ya Hatari nilikuwa mpishi wa memsahibu mmoja mwenye shamba la kahawa. Mke wangu alikuwa kwao Kiganjo, hapo Thika tu, lakini bila kibali cha serikali ya wakoloni hangeweza kuhamia kwangu. Miaka miwili! Siku moja memsahibu akaniambia, "Tunakwenda visiwani siku nne kwa merikebu ya matanga. Wageni wangu wakila vizuri, nitakuandikia barua ya kibali." Hai! Hata angesema tunakwenda mwezini, ningebeba sufuria.

Merikebu ilikuwa kuukuu, milingoti mitatu, kamba kila mahali. Siku ya kwanza nilitapika mpaka nikatubu dhambi za babu yangu. Siku ya pili nikapata nguvu, nikaamua kupika wali wa kumaliza maneno.

Sasa, kabla ya kufanywa mpishi nilikuwa nikiosha kahawa shambani. Kahawa unaiosha, unamwaga, unaiosha tena, mpaka maji yatoke safi kabisa. Nikaosha mchele hivyo hivyo, maji saba, nane, nikichota kwenye pipa la pale jikoni na kumwaga baharini huku naimba. Maharagwe vilevile. Sufuria vilevile. Kumbe pipa lile ndilo lilikuwa na maji yetu ya kunywa ya siku zote zilizobaki.

Asubuhi nahodha akalifungua. Akamgeukia baharia mzee aliyelinda maji, akamfokea mbele ya wageni kwamba ameyaiba au ameyamwaga. Nami nimesimama pale na birika tupu. Nikinyamaza, mke wangu anakuja Ruiru. Nilimkasirikia yule mzee kweli, kwa nini hajitetei? Kisha mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi. Nimeosha mchele."

"Pipa zima?" nahodha akauliza. "Kwani mchele ulikuwa na matope?"

"Nimeuosha kama kahawa."

Wageni wakaangua kicheko. Memsahibu hakucheka. Ikabidi tugeuze matanga twende kisiwa chenye kisima, na mimi nikabeba ndoo mpaka mchana, roho ikiniuma, nikijua barua ndiyo hiyo imekwenda.

Nilipopandisha ndoo ya mwisho, nikamkuta memsahibu amekaa na kalamu na karatasi.

"Mtu kama wewe hafai kuachwa peke yake," akasema. "Mke wako anaitwa nani?"

Jina likanipotea. Ngai! Jina la mke wangu mwenyewe! Akaniambia niende nikalitafute. Nikashuka ngazi, nikafika jikoni, likanijia pale pale. Nikapanda mbio nikilitaja kwa kelele, na mabaharia wakaacha kamba zao wakanicheka. Niliwaacha wacheke. Tangu tutenganishwe nilikuwa nikilitaja kwa kunong'ona tu, nikiwa kitandani peke yangu.