Shamba Lililoingizwa Kisiwani

Kisiwa chenyewe ni kidogo, unakizunguka kwa miguu kabla ubwabwa haujaiva. Ukitoka kijijini kwetu Mbingu unashuka mtoni mpaka miguu ianze kuzama, ndipo unakiona: matete, mikuyu michache, na viboko waliolala kama wamelipia. Kusini unapita mto Kilombero wenyewe. Upande wetu kuna mkono mdogo wa mto, kiangazi unakauka na kuvukwa kwa ndala. Zamani wenye ukoma walitupwa huko. Walipokwisha wakaja wavuvi na vichanja vyao vya kukaushia samaki. Sasa ni mahali pa wanyama, mtu haruhusiwi kukanyaga, na nguruwe pori anaishi vizuri kuliko alivyoishi mgonjwa.

Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa baba, nakula huku nikihesabiwa matonge. Babu alipogawa mashamba, lile lenye unyevu, linalogusa ule mkono wa mto, alimpa baba mdogo. Baba akapata la juu yake. Roho ilimuuma miaka yote, na baba mdogo akivuna, nyumbani kwetu hakuna anayeongea.

Wapima walikuja kiangazi kuweka bikoni, zile nguzo za mpaka wa kisiwa. Maji hakuna, vumbi tupu, wakamchukua baba awaonyeshe mto unapita wapi. Kwetu hata mtoto anajua kisiwa kinaishia kwenye ule mkono wa mto. Baba akaupita. Akalipita shamba lote la mdogo wake, akaenda kusimama kwenye kibonde kilicho mpakani na shamba letu, kibonde kinachopata maji mwaka wa mafuriko makubwa tu. "Mto unapita hapa," akasema.

Mpima mmoja alisita. Mimi nilikuwa nimewapelekea uji, akanigeukia. "Dada, eti ni kweli?"

Baba hata hakunitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Masika hapa panajaa." Nikaendelea kumimina uji. Sijitetei, nilikuwa na akili zangu timamu.

Wakachimbia bikoni, wakaondoka bila kumweleza mwenye shamba. Baba mdogo, mtu wa kuamini watu, akaziona akacheka tu na kupanda kama kawaida. Mpunga ukakubali, jamani, ukakubali kuliko miaka yote! Ulipoanza kuingia maziwa, kikasimamishwa kibao cha kukataza watu, wakaja askari wawili wa wanyamapori. Baba mdogo alipoingia shambani asubuhi wakamtoa kwa virungu, mkono ukavunjika. Watoto sita walikuwa wanautegemea ule mpunga, na hawakuwa na mwingine.

Mama mdogo, mkewe, hakukubali. Maombi yalikuwa yamepelekwa ofisini, huenda wangeruhusiwa kuvuna mara moja tu, naye alitaka ruhusa ikija ikute mpunga upo. Mpunga ukiingia maziwa lazima uuamie, usipofukuza ndege tangu alfajiri kwelea wanakuachia makapi. Basi akasimama nje ya bikoni na kombeo lake, anarusha madonge ya udongo ndani ya shamba lake mwenyewe, anapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Askari wakimcheka.

Mimi nilikuwa naamia letu, hatua chache tu kutoka kwake.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie sauti, mama."

Nikamsaidia. Siku tatu tulipiga kelele pamoja, na kila alipopumzika alinishukuru, akaniombea nipate mume mwema. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya nne baba akaja. Akaliangalia kundi la kwelea likiinuka kwa mdogo wake, likizunguka, likitua kwetu.

"Kamwambie aache. Anatuletea ndege."

Nikadhani anatania. "Baba, ule ndio mpunga wao wote."

"Wao nani? Pale si kisiwani? Si ulisema mwenyewe?"

Nikaenda. Nikamwambia mama mdogo ndege wake wanahamia kwetu, aache. Hakuelewa, ikabidi nirudie.

"Umetumwa," akauliza, "au ni wewe?"

Ningeweza kumtaja baba. Lakini nilikuwa nimechoka kushukuriwa.

"Ni mimi," nikasema.

Akakunja kombeo, akakaa chini. Kwelea wote wakarudi kwake, na sisi mwaka ule tulivuna vizuri.