Mzee Isidore na Samaki wa Kutazamwa

Kwingine ukimkuta mtu amelala kifudifudi juu ya barafu, kajifunika koti kichwani na miguu kaitupa nyuma, ungepiga mayowe. Kwetu Sahtu, kwenye ziwa kubwa la kaskazini mwa Kanada, ulikuwa unauliza tu, "Yule si Isidore?" kisha unaendelea na safari yako.

Alikuwa mume wa mama mkubwa wangu, Philomene. Katika miaka arobaini na miwili ya ndoa yao sikuwahi kusikia kwamba ametoa samaki wa maana ndani ya tundu la barafu. Yeye alikuwa anatazama. Alichimba tundu lake kwa mtaimbo pale mwamba unapokatika ghafla chini ya maji na kilindi kinapoanzia. Alichota vipande vya barafu kwa upawa mpaka maji yakabaki matupu, akadondosha maganda ya mayai yaliyopondwa ili kule chini kwenye mwamba paonekane peupe, kisha akalala, akajifunika. Unakaa gizani mle kotini mpaka macho yanazoea, alinieleza, halafu polepole ziwa linawaka kutoka chini. Mwanga wa mchana unapita kwenye barafu na kuenea majini, kijani kibichi kisichokuwepo popote duniani, na wewe hujui tena kama unatazama chini au juu. Trauti, yule samaki mkubwa wa maji baridi, haji, alisema. Anakuwepo tu. Palikuwa hapana kitu, sasa kuna mgongo mpana wenye madoa meupe, unapita taratibu juu ya yale maganda ya mayai, unazunguka, unarudi.

Mkononi alishika mshipi, tena wenye chambo kilichochongwa kutoka kwenye kijiko cha bati. Lakini samaki akitokea, mkono ulisahau kazi yake.

"Mzee Isidore!" Gaspard, jirani yetu, alikuwa akimpigia kelele kutoka juu ya pikipiki yake ya theluji. "Leo wamekusalimu?"

"Wamekusalimu wewe," sauti ikajibu chini ya koti. "Wanasema hilo dude lako linawapigia kelele watoto wao."

Aliyelisha ile nyumba ni mama mkubwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, mdomo usio na breki. Alitega nyavu chini ya barafu, akipitisha kamba kutoka tundu hadi tundu, na akazivuta kwa mikono mitupu kwenye baridi ya kupasua mawe. Alipotaka trauti wa kuchemsha alikwenda na mshipi wa mkono, na katika muda wa kunywa vikombe viwili vya chai alikuwa amerudi naye. Hakuwahi kuinama kuchungulia tunduni. Vidole vilimwambia kila kitu. "Mume wangu yuko sinema," aliwaambia wageni. Akisimama juu ya miguu ya Isidore na kumpigia kelele za kuni, jibu lilikuwa lile lile kila siku: "Nyamaza kidogo, Philomene. Anageuka."

Nami nilimwona mvivu, nisiseme uongo. Nilikuwa msichana wa hasira za karibu, na nilimpenda mama mkubwa kuliko nilivyompenda mtu yeyote, kwa hiyo kila gogo alilolibeba yeye badala ya mumewe lilinikaa rohoni. Nilipokua ndipo mama yangu akaniambia habari za shule. Isidore alichukuliwa na ndege akiwa na miaka sita, akapelekwa mbali kwenye shule ya bweni ya wazungu, ambako lugha yetu ilikatazwa, akarudishwa akiwa na kumi na minne. Hajui nyavu, hajui mtaimbo, lugha ya nyumbani imebaki nusu, na babu yake ambaye angemfundisha alikuwa amekwisha kuzikwa. Siku ya pili baada ya kurudi alianza kulia mbele za watu na akashindwa kujizuia. Mjomba wake akampeleka kwenye barafu, akamlaza juu ya tundu, akamfunika koti kichwani asionekane. Akamwacha alie. Mjomba aliporudi jioni alimkuta kijana bado amelala pale pale, na kilio kimekwisha. Alikuwa ameona trauti wake wa kwanza.

Tangu siku niliyosikia hayo sikumwita mvivu tena, ingawa kuni bado zilinikera.

Mwaka ninaousimulia, mama mkubwa alipelekwa Edmonton, mji wa hospitali kule kusini, mwezi wa pili, akapasuliwa tumbo, akarudishwa mwezi wa tatu. Waliyemshusha kwenye ndege ningeweza kumbeba kama furushi la nguo. Nikahamia kwao kumtunza. Hakula. Nilipika supu, akageuzia uso ukutani. Gaspard alileta samaki wa wavuni, wazuri, wanene. Akanusa, akasema wamelala wavuni wakifikiria mabaya. Jumatatu nesi alimpima uzito, akaniita pembeni. Kama kufikia Ijumaa mizani haijapanda, alisema, mgonjwa atarudi kusini na ndege ya Ijumaa.

Mama mkubwa alikuwa na masikio ya mbweha. "Kusini siendi," akasema kutoka kitandani. "Kule watu wanakufa wakitazama dari."

"Basi kula!" Nilikuwa nimechoka, na sauti ilinitoka vibaya.

"Nitakula kichwa cha trauti."

"Gaspard ataleta leo hii."

"Trauti wa mkono wa Isidore. Wa mwingine sitaki."

Isidore alikuwa amekaa karibu na jiko, akichonga kijiti ambacho hakikuwa na haja ya kuchongwa. Kisu kikasimama.

Ningeweza kumtikisa yule mwanamke. Maisha yake yamebaki siku nne, naye anayatundika kwenye mkono ambao haujawahi kuvuta kitu! Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu arudi macho yake yalikuwa ya zamani.

"Mimi nikiondoka, huyu atakula nini, Adeline? Atakula kutazama?"

Isidore akakitia kijiti motoni.

Jumanne nilimpeleka Isidore kwa pikipiki ya theluji hadi kwenye mwamba wake. Akatia tumbaku kidogo majini, sadaka kwa ziwa kama inavyopasa, akalala, nikamwacha. Nilipomfuata alasiri alikuwa na barafu kwenye nyusi na mikono mitupu.

"Alikuja?" mama mkubwa akamuuliza hata kabla hajavua buti.

"Alikuja."

"Na mkono ulifanya nini?"

Isidore akainamia buti zake.

"Ulisimama." Akafumba macho. "Sikiliza, mume wangu. Trauti hali kitu kinachomngoja. Kitu kikimngoja anajua kina ujanja. Anataka kinachomkimbia. Shusha chubwi mpaka iguse mwamba, pandisha pima moja, chezesha, acha kijiko kianguke chenyewe. Ukimwona tu anakuja, kimbia! Vuta mkono kwa mkono kwenda juu, usipunguze. Atakufuata mpaka mdomoni mwa tundu. Ukisimama kumshangaa, na yeye atasimama akushangae, halafu aende zake."

"Ndivyo anavyofanya," Isidore akasema, kwa upole ulionitia uchungu. "Anasimama, ananitazama."

"Jumatano usitazamane naye."

Jumatano alikimbia. Nilikuwepo, nimesimama nyuma yake nikipiga miguu chini kwa baridi, nikaona viwiko vyake vinapanda na kushuka, kisha mshipi ukanaswa, ukaingia tunduni kwa kasi ukitoa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Nikapiga kelele za furaha. Akamwachia samaki akimbie, akamrudisha, vizuri kabisa. Lakini samaki alipoanza kupanda, Isidore alipiga magoti, akaingiza uso tunduni kumwona. Mshipi ukasugua ukingo wa barafu. Sikusikia ukikatika. Niliona tu mabega yake yakishuka.

"Alikuwa anapanda ndani ya mwanga," akaniambia. "Ubavu wote."

Nikawasha pikipiki, tukarudi. Kati yetu na ndege ya Ijumaa ilibaki siku moja tu.

Mama mkubwa alisikiliza habari zote akiwa amelala chali. Hakufoka, na hilo lilinitisha kuliko kufoka. Akamwita Isidore akae ukingoni mwa kitanda, akamshika ule mkono wa kulia, akaugeuza kiganja juu.

"Akishika," akasema, "weka mshipi begani. Mpe mgongo. Tembea. Mshipi ukiwa begani unalala sawa, haugusi ukingo. Tembea kuelekea nchi kavu, macho kwenye miti, usigeuke hata akikuita kwa jina. Adeline atakaa tunduni na kulabu."

"Nisimwone?"

"Usimwone."

Akautazama mkono wake ndani ya mkono wa mkewe. Kisha akasema, "Haya."

Alhamisi mbingu ilikuwa nyeupe na barafu nyeupe, na hakuna aliyeweza kusema kimoja kinaishia wapi. Isidore alilala tangu asubuhi. Mchana nilimnywesha chai chini ya koti kama mtoto. Alihama mara moja, akachimba tundu la pili hatua thelathini kuelekea kilindini, akasema amemwona akija kutoka upande huo. Nilitembea kwenda na kurudi, nikihesabu saa zilizobaki, nikimlaumu mama mkubwa, nikimlaumu nesi, nikimlaumu na Mungu kidogo.

Mara viwiko vikaanza kupanda.

Koti likaanguka. Isidore akasimama na mshipi mkononi, akauacha ukimbie, akaurudisha, akaachia tena, na uso wake wote ulikuwa umevutwa kwenye lile tundu. Nikadhani atapiga magoti. Badala yake akaweka mshipi begani, akageuka, akaanza kutembea.

Alitembea kama mtu anayeburuta sleji ya kuni juu ya theluji. Macho kwenye miti. Machozi yalikuwa yanamtoka na kuganda. Mimi nilipiga magoti na kulabu, na kwanza likaja povu, punje nyingi za hewa zikipanda kutoka gizani, kisha chini yake kitu cha rangi ya dhahabu chafu kikaanza kuwa kikubwa, kikageuka ubavu, na ule mwanga wa kijani ukampita mwilini na kuwasha kila doa. Nilisahau kilichonileta. Nilisahau kulabu. Ni yeye mwenyewe samaki aliyenikumbusha, kwa kutoa kichwa nje na kunitemea maji usoni.

Nikamvuta juu ya theluji. "Ametoka!" nikapiga kelele. "Baba mkubwa, simama, ametoka!"

Isidore alikwenda hatua kumi zaidi ndipo akasimama, na hata hapo hakugeuka.

"Alionekanaje?" akauliza. "Alipokuwa anapanda?"

"Mkubwa!"

"Mkubwa tu?"

Nikajaribu. Nikamweleza povu, na dhahabu, na yale madoa yaliyowaka moja moja. Nilieleza vibaya, maneno yalinipungukia, lakini alisikiliza mpaka mwisho akiwa amenipa mgongo, akitikisa kichwa, kisha ndipo akaja kumtazama pale kwenye theluji.

Mama mkubwa alikula kichwa. Alianza na nyama ya shavuni, akaja kwenye taya, akafyonza mifupa mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani. Akanywa supu yote. Mimi na Isidore tulikaa tukimtazama na hatukuthubutu kugusa vijiko vyetu.

"Chumvi haitoshi," akasema.

Nikatoka nje, nikaegemea rundo la kuni, nikalia kwa sauti.

Ijumaa nesi alimpima, akarekebisha mizani, akampima tena. Akatuongezea wiki moja. Ndege ikaondoka na magunia ya barua. Wiki ile Isidore alitoa trauti wawili, na iliyofuata watatu, kila mara mgongo kwa tundu, na kila mara aliniuliza alionekanaje.

Mwezi wa tano, jua likiwa halitaki kuzama na barafu bado nene, mama mkubwa akasema anataka kwenda sinema.

Tulimfunga blanketi tukamweka kwenye sleji. Isidore alimtandikia matawi ya msonobari na ngozi juu yake, akamlaza kifudifudi kwa uangalifu, kwa ajili ya ule mshono, akamfunika koti lake kichwani. Akamtia mshipi mkononi. Mkono ule ulikuwa mwembamba, lakini ulianza kuchezesha wenyewe, kupandisha, kuachia, kupandisha, kama haujawahi kuugua. Tukasubiri. Theluji iliyolainika ilikuwa inashuka chini polepole kandokando yetu, kwa sauti ndogo.

Mkono ukasimama.

Isidore aliona kabla yangu. Akainama. "Yupo?" akanong'ona. "Philomene, yupo? Kimbia! Vuta sasa, mama, mkono kwa mkono!"

Mshipi haukusogea. Chini ya koti pakawa kimya mno, nami nikaingiwa na hofu, nikapiga magoti nikamshika kifundo cha mguu. Kilikuwa na joto. Mabega yake mapana yalikuwa yanatetemeka kidogo, na sikujua kama ni kicheko au kilio.

"Vuta!" Isidore akasema. "Atakwenda!"

"Nyamaza kidogo, Isidore," akasema mama mkubwa. "Anageuka."

Isidore akanyamaza, akalala kando yake juu ya barafu.